UZI: "Ni uzee tu" ilivyotupotezea miaka miwili ya bi mkubwa (Machame)

Mwana_wa_Machame

Wakuu, salaam. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, kwa hiyo leo mnivumilie, uzi ni mrefu. Wenye wazee nyumbani mkae chini. Wengine mnaruhusiwa kupita.

Bi mkubwa wangu yuko Machame, wilaya ya Hai. Tarehe yake ya kuzaliwa haipo popote. Anachojua ni kwamba alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea Mangi Mkuu Marealle aliposimikwa, na hiyo ilikuwa 1952. Pigeni hesabu wenyewe. Ni mama aliyekata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlimani kichwani mpaka juzi juzi tu.

Mambo yalianza na vifungo. Jumapili asubuhi blauzi moja ilimchukua muda mpaka kengele ya pili inalia bado yuko kifungo cha tatu. Mdogo wangu wa kike anayekaa naye akaanza kumfungia. Ikafuata sauti: ukimpigia simu unadhani mtandao mbovu, kumbe ni yeye anaongea chini chini. Halafu uso. Mama alikuwa mtu wa kucheka kwa macho kabla mdomo haujafunguka. Sasa ukimsimulia kichekesho anakuangalia kama umemtajia bei ya mbolea.

Sisi watoto tuko watano, tumetawanyika Arusha, Dar na mmoja Mwanza. Tunapanda Desemba, tunachinja, tunapiga picha, tunashuka. Kila Desemba tulimkuta amepungua kidogo kuliko iliyopita, na kila mara tuliambizana hivyo hivyo: ni uzee tu. Tukampeleka zahanati, jina siitaji, nao wakasema ni uzee, wakatupa dawa ya maumivu ya viungo na ya kichefuchefu. Miaka miwili ikapita hivyo.

Siku moja mdogo wangu ananipigia: kuna watu wa utafiti kutoka chuo kikuu wanapita nyumba kwa nyumba wanahoji wazee, mwenyekiti wa kitongoji ndiye kawaleta. Bahati nilikuwa barabarani natoka Arusha kwenda Moshi kikazi. Nikakunja njia panda ya Machame nikapandisha, na moyoni nimeshajiandaa kuwafukuza.

Nilikuta watu wanne. Nesi wa makamo, kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, binti aliyesema yeye ni wa sosholojia, na mwingine ameshika kishikwambi anaandika. Nesi yuko na mama kwenye benchi nje ya jiko, katikati yao ameweka njiti nne za kiberiti kapanga umbo fulani, anamwambia mama apange kama lile. Nilikasirika, wakuu. Mama yangu, mjukuu wa watu walioheshimika, anachezeshwa njiti kama mtoto wa chekechea.

Nesi hakunijibu kwa ukali. Alisema vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotoka Ulaya na Marekani humwambia mtu achore saa au umbo la pembe tano. Sasa bibi aliyeishika kalamu mara ya mwisho wakati wa kisomo cha watu wazima akishindwa kuchora pembe tano, umejua nini? Umejua hakusoma. Njiti za kiberiti kila mama wa hapa kazishika tangu utotoni, kwa hiyo akishindwa kuzipanga, tatizo si shule.

Nikanyamaza, nikavuta kigoda.

Akamuuliza daraja ni kitu gani. Mama akajibu, kwa ile sauti ya chini: "Si pale pa kuvukia Kikafu bila kulowa." Akamwambia ataje wanyama kwa dakika moja. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, mbega, pimbi, akaingia porini mpaka tembo na nyati. Nilihesabu kumi na nne. Nami nikajaribu kimoyomoyo nikaishia kumi na moja, simba nikamtaja mara mbili. Nesi akafunga karatasi: kumbukumbu ya mama ni nzuri. Kama angekuwa amekuja peke yake, hadithi ingeishia hapo. Angeandika "mzima", angekunywa chai, angeshuka.

Ila yule kijana wa viungo alikuwa hata hasikilizi wanyama. Muda wote alikuwa anaangalia mkono wa kulia wa mama pale juu ya goti. Akasema, "Mama, naomba utembee mpaka kwenye ule mgomba, kisha ugeuke urudi." Mama akaenda. Mkono wa kushoto unapepea, wa kulia umeganda ubavuni. Kufika kwenye mgomba kugeuka ndiko kulikonishtua: hatua saba au nane ndogo ndogo papo hapo, kama lori linalogeuzwa uchochoroni. Miaka miwili mama anatembea mbele ya macho yetu na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Kijana akaukunja mkono wake taratibu kwenye kiwiko, akanipa na mimi niushike. Haukunjiki moja kwa moja, unakwenda kwa vituo, kama gurudumu lenye meno.

Na binti wa sosholojia? Nilidhani huyo ndiye msindikizaji. Kumbe wakati tunahangaika na mgomba, yeye alikuwa jikoni na mdogo wangu. Ndiye aliyegundua kwamba mama ameacha kula chakula cha jioni karibu mwaka mzima, kwa sababu kijiko kinamwagika na anaona aibu mbele ya wajukuu. Mama alikuwa anasema hana njaa. Sisi tuliandika kwenye kundi la familia kwamba wazee hawali sana.

Hawakutupa jina la ugonjwa pale pale. Walituandikia barua ya rufaa. Daktari wa hospitali tuliyoelekezwa alichukua kama nusu saa hivi: ni ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta ugumu wa viungo na kutetemeka. Akampa levodopa. Wiki ya tatu mdogo wangu akanipigia video: mama amefunga vifungo vitano kati ya saba. Nililia kwenye gari pale Boma Ng'ombe, sitaki kudanganya.

Nimeandika haya kwa sababu nina swali. Hivi uzee wenyewe, ule usio na ugonjwa, unachukua nini hasa kwa mtu? Maana sisi tuliusingizia kila kitu.

---

Sakina_Mtata

Nimekaa kigoda cha mbele. Pole sana mkuu, na mpe bi mkubwa shikamoo yangu.

---

Nesi_Mstaafu

Shikamoo kwa wakubwa, marahaba kwa wadogo. Mwanangu Mwana_wa_Machame, nimefanya kazi wodini miaka thelathini na ushee, hapa Moshi. Nianze na kitu ulichokipita haraka: hiyo dawa ya kichefuchefu. Ilikuwa metoklopramaidi? Kama ni hiyo, mwambieni daktari wake. Inaweza yenyewe kumletea mzee ugumu wa viungo na kutetemeka unaofanana kabisa na Parkinson, na mwenye Parkinson humzidishia. Si lazima ndiyo iliyoleta, ila isirudi tena mdomoni mwake.

Swali lako sasa. Uzee wa kawaida unapunguza kasi. Jina la mtu linakuja baada ya dakika tano badala ya sekunde tano, lakini linakuja. Ngazi anapanda, anapumzika katikati. Usingizi unakuwa mwepesi. Misuli inapungua, na ndiyo maana mzee aulaye ugali na mboga tu bila maharage wala maziwa anaisha haraka. Uzee haugandishi mkono mmoja ukaacha mwingine. Hauchukui njia ya kwenda kanisani aliyoipita miaka sitini. Na haumchanganyi mtu kwa siku mbili.

Hilo la siku mbili nilikazie, maana nimeliona likiua. Mzee alikuwa mzima Jumatatu, Jumatano anaongea na watu wasiokuwepo, mchana anasinzia, usiku anataka kwenda shambani. Ndugu wanasema uzee umempanda kichwani, au wanasema jingine baya zaidi. Huyo mkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni nimonia isiyo na kikohozi, UTI, maji kumwishia mwilini, sukari, au hata choo kigumu cha wiki nzima. Mara nyingine ni piritoni za dukani alizopewa za mafua. Kikitibiwa chanzo, wengi wanarudi. Ugonjwa wa kusahau wenyewe huja kwa miezi na miaka, hauji kwa basi la usiku.

---

Mbishi_wa_Kibororoni

Hongera kwa mama. Ila mimi watafiti hawanipati. Bibi yangu walikuja mara tatu. Wakamtoa damu, wakampima kiganja kwa kile chuma cha kuminya, wakamwachia sabuni na kilo ya sukari. Watu wamepata udaktari wao wa falsafa, bibi alibaki na sabuni. Majibu hakuna aliyeyarudisha. Mama yako amepata bahati tu, kakutana na kijana mwenye roho.

---

Msomi_wa_Rau

Mbishi, una hoja na sitaikwepa, ila nipe nafasi kidogo.

Hai si ngeni kwa mambo haya. Tangu 1992 kulikuwa na mradi wa kuhesabu kaya kwa kaya: nani kazaliwa, nani kafa, kafa kwa nini. Juu ya daftari hilo madaktari wa hapa Kilimanjaro na wenzao wa Newcastle, Uingereza, wakajenga tafiti za wazee. Ya Parkinson, iliyochapishwa 2008, ilipita kwenye watu 161,071 ikapata wagonjwa 33. Hiyo namba haitishi. Kinachotisha ni kwamba wengi wa hao 33 hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa nyumbani, "wazee tu", kama mama wa mleta uzi.

Ya kusahau ilifanyika vijiji sita, wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kurekebisha hesabu kwa tofauti za umri, waliokutwa na demensia, yaani ugonjwa wenyewe wa kusahau, walikuwa asilimia 6.4. Isomeni namba hiyo kutokea upande wa pili: zaidi ya wazee 90 katika 100 hawana. Kwa hiyo mtu akikuambia kupotea akili ndiyo kawaida ya uzee, vijiji vya Hai vimemkatalia. Na zile njiti za kiberiti hazikuletwa na ndege kutoka Ulaya: wazo la njiti lilianzia Nigeria, na kipimo kizima, pamoja na maswali ya daraja na wanyama, kimetengenezwa huku huku Hai na kuchapishwa 2014. Sasa kinatumika na nchi nyingine pia.

Kama unataka kitu cha kukunyima usingizi kuliko vyote hivyo, ni presha. Kwa waliofika miaka 70 Hai, kama saba kati ya kumi walikutwa nayo, na waliokuwa wanaijua na kuidhibiti walikuwa wachache sana. Presha ndiyo mlango wa kiharusi, na vile vile inachangia kusahau.

Kwa nini watu wanne na si daktari mmoja? Mleta uzi kalieleza kuliko nitakavyoweza. Kule Newcastle 2006 walianza kuwafuatilia watu waliozaliwa 1921, wote wamefika miaka 85. Hakukutwa hata mmoja asiye na ugonjwa wowote. Lakini walipoulizwa hali zao, zaidi ya robo tatu walisema afya yao ni nzuri. Daktari wa moyo ataona moyo mbovu, wa mifupa ataona magoti yaliyokwisha, na mwenye mwili yuko bustanini anapalilia maua. Nani mkweli? Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linaupima uzee mwema kwa kile ambacho mtu anaweza kufanya na anakithamini, si kwa kuhesabu magonjwa. Kifungo cha blauzi, kwa maneno mengine.

Kuna jingine la masista wa Marekani, utafiti ulioanza 1986: masista 678 walikubali kufuatiliwa na ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Wengine ubongo ulikutwa umejaa madoa ya Alzheimer, ugonjwa unaoleta kusahau, na bado walikuwa na akili timamu mpaka mwisho. Kilichowakinga bado kinabishaniwa. (Msiniulize kama utafiti wa aina hiyo ungewezekana uchagani. Nenda kawaambie ukoo unamzika babu kihambani, kwenye shamba la ukoo, bila ubongo, uone kama utashuka na miguu yako.)

Kuhusu majibu kutorudishwa: kibali cha utafiti wa afya nchini kinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mtu anasaini au kuweka dole gumba mbele ya shahidi. Dole gumba hilo ni makubaliano ya pande mbili. Ukikataa kuendelea, ni haki yako. Ukidai majibu yako, ni haki yako pia. Bibi alikuwa na haki ya kuyauliza, na aibu ni yetu sisi wa vyuoni, si yake.

---

Mama_wa_Njiro

Nimesoma huku natetemeka mimi mwenyewe. Yetu ilikuwa baba, Marangu. Mtu wa hesabu, alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa. Akaanza kuuliza jambo moja mara nne asubuhi moja. Tukacheka. Akapotea akitoka mnadani. Hatukucheka sana. Kisha akauza kipande kimoja cha kihamba kwa watu wawili tofauti, miezi mitatu imepishana, na pesa za wote wawili hazionekani. Kaka zangu wakagawanyika: mmoja anasema mzee ana tamaa, mwingine anasema mke mdogo kamlisha kitu. Shangazi akaitwa mchawi mbele za watu kwenye kikao cha ukoo. Mpaka leo hawasalimiani.

Tulipompima, ugonjwa ulikuwa umeshakaa miaka. Daktari alituuliza kama baba anasikia vizuri. Hakuna aliyekuwa anajua! Alikuwa hasikii sikio moja na la pili nusu. Alisema kutosikia kunamfungia mtu ndani ya kichwa chake na ni moja ya mambo yanayochochea kusahau, pamoja na presha, sukari na upweke. Tumemnunulia kifaa, hajapona na hatapona, lakini ugomvi wa saa kumi jioni umepungua nusu. Alikuwa anagomba kwa sababu anadhani tunamnong'ona.

---

Wakili_Uchwara

Mama wa Njiro, kwa hilo la kihamba: chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, anayeingia mkataba lazima awe na akili timamu wakati anauingia. Cheti cha daktari chenye historia ya ugonjwa ni silaha. Usisubiri, tafuta wakili wa kweli, mimi jina langu linajieleza.

---

Mti_Shamba

Wakuu, kuna mzee wa Tengeru anasema kutetemeka kunatibiwa na mbegu za upupu. Ni kweli au tunapigwa?

---

Msomi_wa_Rau

Cha ajabu ni kwamba hajatunga. Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, kitu kile kile anachomeza mama wa mleta uzi, na zimejaribiwa kwa wagonjwa kwa njia ya kitabibu. Tatizo ni kipimo: mbegu za shamba hili si sawa na za shamba lile, na mtu anayemeza vidonge akiongeza na upupu kimya kimya anaweza kupata kichefuchefu kikali, presha ikashuka akaanguka. Akitaka, amwambie daktari wake kwanza.

---

Nesi_Mstaafu

Na kuanguka kwa mzee ni nyonga, na nyonga ni kitanda. Msichezee upupu. Achilia mbali kuwashwa kwa atakayeuchuma.

---

Mbishi_wa_Kibororoni

Msomi, umejibu kiungwana, nimepunguza hasira kwa robo. Mleta uzi, nijibu moja: wewe majibu yako yalirudi? Na hiyo dawa inapatikana, au ndiyo zile za "njoo wiki ijayo"?

---

Mwana_wa_Machame

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa Machame wikiendi nzima.

Nesi_Mstaafu, mama shikamoo. Nilikwenda kufukua karatasi za zamani kabatini. Ni metoklopramaidi kweli. Daktari amesema kwa jinsi dalili zilivyoanza upande mmoja na zilivyoitikia levodopa, Parkinson yenyewe ipo, ila ile dawa ilikuwa inamwaga petroli. Amesema isitumike tena. Mungu akubariki.

Mbishi, majibu ya mama peke yake tulipewa pale pale kwa mdomo na kwa barua. Majibu ya kijiji kizima bado. Waliahidi kurudi kwenye mkutano wa kijiji, na mwenyekiti ameliandika kwenye ajenda. Nitakuwepo, na nitauliza kwa sauti kubwa kwa niaba ya bibi yako. Dawa: mwezi wa kwanza ilipatikana, wa pili niliambiwa njoo wiki ijayo, kwa hiyo sasa nanunua ya miezi miwili Arusha na kumpelekea. Dirisha la wazee lipo, bango la kumpisha mzee limebandikwa ukutani, dawa ndiyo inakosekana dirishani. Daktari alionya isikatwe ghafla, ndiyo maana sichezi nayo.

Jambo la vitendo kwa mwenye mgonjwa kama huyu. Mwanzoni dawa ilikuwa inafanya kazi asubuhi, mchana inagoma. Tulihangaika mpaka nesi wa kliniki alipouliza mama anakula nini mchana. Mtori, tena wa nyama ya kutosha, na anameza kidonge katikati ya bakuli. Kumbe nyama inagombania njia na dawa. Sasa mdogo wangu anampa kidonge kwa maji, nusu saa kabla, ndipo mtori. Mchana umekaa sawa.

Chakula cha jioni amerudia. Kijiko tumemtafutia kile kizito cha mpini mnene, na wajukuu wamehamishiwa meza nyingine kwa kisingizio cha kazi za shule, mpaka atakapowaita mwenyewe. Juzi amewaita.

Jumapili vifungo sita. Cha juu kabisa amesema kilikuwa kinambana hata kabla hajaugua. Zile njiti nne bado anazo, amezifunga kwenye kitambaa pamoja na kadi yake ya kliniki, na mdogo wangu alipotaka kuwashia jiko kiberiti kilipokwisha, alifokewa. Kwa sauti, wakuu. Niliisikia mpaka zizini.